Mbio za Sakafuni za Wawekezaji

Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza: iwapo teknolojia hustawisha uchumi, mbona wawekezaji wanaosifu akili bandia ndio hao hao wanaohofia mdororo? Nilimrejesha Marekani ya mwaka 2000.

Enzi hizo kampuni yoyote iliyojinasibisha na intaneti iligombaniwa sokoni, hata kama haikuwa imepata faida ya senti moja. Machi 10, kipimo cha soko la hisa la Nasdaq kilifunga kikiwa 5,048. Kufikia Oktoba 2002, kilikuwa kimeporomoka hadi 1,114. Katikati ya anguko hilo, mwaka 2001, uchumi wa nchi nzima ulidorora na watu wengi wakapoteza kazi.

Naam, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hata hivyo, intaneti haikuwa uongo. Kampuni ya Amazon ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya bei ya hisa zake, lakini ikanusurika na kutajirika. Uongo ulikuwa katika bei. Kipimo cha Nasdaq kilirudi kileleni mwaka 2015, baada ya miaka 15!

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kuuliza maswali mawili: Je, chombo hiki kina manufaa? Na je, bei yake ina msingi? Anayejibu la kwanza pekee aweza kusema kweli, na bado akafilisika.