Kifaransa, Kijerumani au Kichina: Cheti Kipi Kinastahili Pesa ya Mzazi?

Shule ya upili inapowatangazia wazazi kwamba, mbali na Kifaransa cha KCSE, wanafunzi watasajiliwa pia kwa mtihani wa DELF, mzazi wa kwanza kusimama huuliza ni pesa ngapi. Ana haki ya kuuliza. Lakini kabla ya bei kuna jambo la kujua: cheti hicho kitamfaa mtoto wapi ambapo KCSE haitamfaa, na ni kiwango gani kitakachomfaa? Mzazi asiyejua hayo anaweza kulipa kidogo na bado akawa amepoteza.

Tuanze na kile ambacho mtoto tayari anacho. Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili Kenya, Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu ni masomo kamili, na gredi ya somo hilo inaweza kuhesabiwa katika wastani ambao KUCCPS hutumia kumpangia mwanafunzi chuo. Kwa miaka kadhaa ada ya mtihani imekuwa ikilipwa na serikali. Kwa mtoto anayelenga chuo cha hapa nchini, hakuna cheti cha lugha kilicho nafuu kuliko hicho. DELF haitamwongezea hata pointi moja KUCCPS, na mwalimu anayewaambia wazazi vinginevyo anawapotosha.

Upungufu wa KCSE huonekana mtoto akivuka mpaka. Chuo cha Lyon kikiona B+ ya Kifaransa hakiwezi kujua kama mwanafunzi huyu anaweza kufuata mhadhara au anaweza tu kuagiza chakula. Ndiyo maana vyuo na balozi huuliza kiwango: A1, A2, B1, B2 na kuendelea, kulingana na mfumo wa pamoja wa Ulaya uliotolewa mwaka 2001.

DELF ni diploma ya wizara ya elimu ya Ufaransa, na imekuwapo tangu 1985. Ina ngazi 4, kuanzia A1 hadi B2, na toleo la vijana hutoa diploma ile ile ya watu wazima. Kinachobadilika ni mada za maswali tu. Haina mwisho wa muda: aliyeipata akiwa kidato cha tatu ataitumia akiwa na miaka 40. Mtihani una sehemu 4, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu ina alama 25. Kufaulu ni kupata 50 kwa 100, lakini kuna sharti ambalo wazazi wengi hawaambiwi: ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote, umeanguka, hata kama jumla yako ni 70. Na ukianguka, unarudia mtihani wote na kulipa upya.

Hapo kwenye kuzungumza ndipo pesa za wazazi huteketea. Katika A2 mtahiniwa hupewa dakika 10 za kujiandaa, kisha huzungumza na mtahini kwa dakika 6 hadi 8. Katika darasa la wanafunzi 45, kipindi cha dakika 40 hakimpi kila mmoja hata dakika nzima ya kufungua kinywa. Mtoto anaweza kukariri vitenzi vyote vya kitabu na akashindwa kumweleza mtu asiyemjua jinsi alivyoitumia likizo yake. Kabla ya kulipa, mwulize mwalimu: mwanangu huzungumza Kifaransa kwa dakika ngapi kwa wiki? Akisita kujibu, usilipe muhula huu.

Saa za kujifunza nazo zina hesabu yake. Tuseme shule ina vipindi 4 vya dakika 40 kwa wiki, na wiki 35 za masomo halisi kwa mwaka. Hiyo ni kama saa 93 kwa mwaka, au saa 280 kufikia mwisho wa kidato cha tatu. Kwa kawaida A2 huhitaji saa 160 hadi 200 za kufundishwa, na B1 saa 360 hadi 400. Kwa hiyo mwanafunzi wa kawaida mwishoni mwa kidato cha tatu yuko tayari kwa A2, na B1 bado iko mbali kidogo. Shule inayosajili darasa zima la kidato cha tatu kwa B1 inajitafutia sifa kwa gharama ya wazazi. Inayowasajili wote kwa A1 nayo inanunua karatasi ambayo karibu hakuna chuo wala mwajiri atakayeiulizia.

Kijerumani kina hesabu tofauti. Huko hata A1 ina kazi: kijana wa miaka 18 hadi 26 anayetaka viza ya kwenda kuishi na familia Ujerumani kama msaidizi wa malezi (“au pair”) huombwa kiwango hicho. Mafunzo ya ufundi kazini, yale wanayoyaita Ausbildung, kwa kawaida huhitaji B1, na muuguzi huhitaji B2 ili taaluma yake itambuliwe. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mnamo Septemba 2024, vijana wengi wanakitazama Kijerumani kama njia ya ajira, na hawajakosea. Goethe-Institut huwa na mitihani ya A1 na A2 iliyotungwa mahsusi kwa vijana. Lakini faida kubwa ya pesa iko B1: mtihani umegawanywa katika moduli 4, na aliyeanguka moduli moja hulipia na kurudia hiyo tu. Tahadhari ni moja. Cheti chenyewe hakiishi muda, ila taasisi nyingi hudai kisiwe na zaidi ya miaka 2. Kwa hiyo hakuna faida kukifanya kidato cha pili kwa safari ya baada ya chuo.

Kichina kinavutia, na taasisi za Confucius zipo nchini tangu ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2005. Katika mpangilio wa mtihani wa Kichina, HSK, ulioanza 2010, ngazi ya kwanza ilidai maneno 150 tu, bila kuandika wala kuzungumza. Programu za shahada zinazofundishwa kwa Kichina huanzia HSK 4, ambayo katika mpangilio huo ilidai maneno 1,200, na matokeo hukubaliwa kwa miaka 2 tu kwa ajili ya kujiunga na chuo. Kama shule haina mwalimu wa kumfikisha mtoto huko, acha.

Halafu kuna gharama zisizoandikwa kwenye barua ya shule. Mtoto wa Malindi atasafiri kama kilomita 120 hadi Mombasa, na mtihani wa kuzungumza ukipangwa siku nyingine, kuna malazi na chakula, tena kwa mtoto na kwa mwalimu anayemsindikiza. Shule ikiwa na watahiniwa wa kutosha, mkuu wa shule aulize kituo kama watahini wanaweza kuja shuleni. Adai pia bei ya kila ngazi kwa maandishi, kwa sababu ada hupanda kadiri ngazi inavyopanda, na aulize kama kuna bei ya shule iliyokubaliwa kati ya ubalozi na wizara.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa Kifaransa, lipia A2 mwishoni mwa kidato cha tatu, na umlipie tu mtoto anayezungumza. B1 ifanywe baada ya KCSE, katika ile miezi mingi ya kungoja chuo ambayo vijana huipoteza nyumbani. Kwa Kijerumani, subiri hadi safari iwe karibu. KCSE ya mwisho itafanywa 2027, na wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 wanaweza kuchagua lugha za kigeni chini ya mkondo wa sayansi za jamii. Bodi za shule zinapanga masomo hayo sasa. Wazazi, nendeni kwenye mikutano ya shule, na msitie saini fomu yoyote ya usajili kabla ya kuonyeshwa ngazi, bei na jina la mwalimu atakayemwandaa mtoto wenu kuzungumza.