Panya wa Kisanga na dawa ya watoto wetu

Juma lililopita, mkutano ulipokwisha, mama mmoja alituuliza: «Ba mwalimu, malaria inatoka kwa panya? Kwangu wamejaa.»

Hapana, mama. Malaria ya watu inaletwa na mbu jike anayeuma usiku. Lakini swali lake limetukumbusha habari ya hapa kwetu ambayo hata shuleni hatukuisikia.

Mji ungali unaitwa Elisabethville. Daktari Mbelgiji, Ignace Vincke, alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya mbu wa msituni, Anopheles dureni. Mbu huyo alivitoa kwa mnyama gani? Mwaka 1948, yeye na mwenzake Marcel Lips walivikuta Kisanga, katika damu ya panya anayeishi mitini. Wakakiita kimelea hicho Plasmodium berghei. Hakimshiki mtu. Kinashika panya, hata wale weupe wanaofugwa laboratwari.

Hapo ndipo faida ilipoonekana. Zamani dawa nyingi za malaria zilijaribiwa kwa ndege, na ndege yuko mbali na mtu. Sasa waganga walikuwa na mnyama mdogo anayezaa haraka na anayenyonyesha kama sisi.

Kazi haikuwa rahisi. Kwa miaka mingi mbu wa laboratwari walikataa kukiambukiza, mpaka miaka ya 1960 ilipoeleweka kwamba ndani ya mbu kimelea hiki kinataka ubaridi, digri 20 hivi. Anayejua asubuhi zetu za mwezi wa saba hatashangaa! Miaka hiyohiyo kingine kilitolewa Kasapa, pale watoto wetu wanaposoma univerisite. Kinaitwa ANKA, maana yake Anvers na Kasapa, na laboratwari za dunia nzima zinakitumia mpaka leo.

Mwaka 1971, huko China, mama Tu Youyou na wenzake walijaribu dawa iliyotolewa katika jani moja la kienyeji kwa panya wenye P. berghei. Vimelea vikaisha. Ndiyo artemisinini, iliyompatia tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo iliyo ndani ya vidonge vya malaria tunavyopewa kwenye kituo cha afya.

Basi mama, panya wako mfukuze kwa sababu ya unga. Kwa malaria, tandika chandarua leo jioni, na mtoto akipata homa umpeleke akapimwe damu siku ileile.