Mgeta: Mtoto wa mbuzi akishindwa kunyonya, joto kwanza

WAFUGAJI wa mbuzi wa maziwa katika Tarafa ya Mgeta, wilayani Mvomero, wanaijua baridi ya Juni na Julai. Ukungu wa milima ya Uluguru unashuka hadi mabandani, na mbuzi akizaa usiku, asubuhi mwenye mali anaweza kumkuta mtoto mmoja amesimama ananyonya, pacha wake amelala chini, mdomo wa baridi, hana nguvu hata ya kulia.

Hiyo si hasara ndogo. Mbuzi wenye damu ya Kinorwe, walioingia Mgeta miaka ya 1980 kupitia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanafugwa bandani na kukatiwa majani, kwani miteremko imejaa kabichi, karoti na njegere. Kaya yenye majike wawili haina mtoto wa kupoteza. Jike ni wa kukamuliwa kesho, au wa kumuuzia jirani anayetafuta mbegu.

Kosa la kawaida linatokana na huruma. Mwenye mbuzi anakimbilia kukamua na kummiminia mtoto maziwa mdomoni. Mtoto aliyepoa hawezi kumeza sawasawa, hivyo maziwa huingia kwenye mapafu. Mtie kidole mdomoni. Ukikuta baridi na hafyonzi, mkaushe kwa gunia, msugue mbavu, kisha mweke kwenye boksi lenye majani makavu pamoja na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. (Jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa, hewa yake huua mbuzi na mtu pia.) Mwenye kipimajoto atumie: mtoto mzima ana nyuzi 39 hivi, na akiwa chini ya 37 asipewe maziwa bado.

Akianza kuinua kichwa na kufyonza kidole, sasa ni dang'a, na haraka. Mbuzi huzaliwa bila kinga; anaipata kwenye dang'a, na uwezo wa utumbo kuipokea hupungua kila saa hadi kuisha baada ya siku moja hivi. Wapo bado wanaoimwaga kwa kuiona nzito na ya njano!

Kamua kwanza matone machache chini, maana chuchu huwa imeziba. Kiwele kikiwa kigumu na cha moto, au maziwa yana mabonge, tafuta dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo.

Mtu mmoja amshike mama. Mwingine apige magoti, amsimamishe mtoto kwa miguu yake, mkono mmoja chini ya kidevu, wa pili ukikuna shina la mkia, mahali ambapo mama hulamba mtoto anaponyonya. Chuchu ikiingia mdomoni, kamulia kidogo kwenye ulimi. Usimsukume kichwa, atarudi nyuma tu.

Akikataa kabisa, tumia chupa. Dang'a isichemshwe, itaganda; ipashe kwenye bakuli la maji ya moto. Mtoto wa kilo 2.5 apewe mililita 125 hivi, mara nne katika saa 24 za kwanza, na kila mara ajaribiwe kwenye chuchu kabla ya chupa, akiwa bado na njaa.

Maziwa yakitokea puani, chunguza kaakaa kama lina tundu. Kumpitishia mpira hadi tumboni ni kazi ya mtaalamu wa mifugo, kwani ukiingia njia ya hewa mtoto hufa hapo hapo.