Wati 75 za Merti

Kwenye madabodi ya karibu kila kompyuta ya mezani kuna sloti moja ndefu, ile ya kuchomekea kadi ya picha. Kwa kanuni za watengenezaji, sloti hiyo haipaswi kuipa kadi zaidi ya wati 75. Kadi inayotaka zaidi huletewa waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Kijana wa Nairobi anayejiundia kompyuta ya gemu anaweza kuishi bila kuijua namba hiyo. Wa Merti anaihitaji kabla hajatoa hata shilingi.

Merti, kando ya mto Ewaso Nyiro katika kaunti ya Isiolo, kwa miaka mingi imepata stima kutoka kituo chake yenyewe, jenereta za dizeli zikisaidiwa na sola, mbali na gridi ya taifa. Ambaye waya haujamfikia ana paneli juu ya bati na betri chini ya meza. Ndiyo maana orodha za vipuri zinazosifiwa kila mahali hazifai kunakiliwa hapa. Waliozitunga wana viyoyozi, na stima kwao ni kitu ambacho hakifikiriwi. Hapa bei ya dukani hulipwa mara moja. Wati hulipwa kila jioni.

Tazama kadi mbili ambazo hupatikana kwa mtumba. Radeon RX 580 ya mwaka 2017 hula wati 185. GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 hula 75 na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Kwa kasi, 580 inaishinda 1650, na mtu wa mjini akiichagua simlaumu. Lakini piga hesabu ya betri. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, na ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Zinabaki 600, inveta inakata zake, unaondoka na kama 520. Kompyuta yenye prosesa ya wati 65, kadi ya 75, vikorokoro vingine na skrini huvuta takriban wati 220 gemu likipamba moto. Hapo unacheza saa mbili na dakika chache. Weka 580 mahali pa 1650 na muda huo unashuka hadi saa moja na nusu hivi. Mechi ya pili haiishi.

Kuna faida nyingine ya kutovuka zile 75: unaweza kuanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika. Mashine za Dell OptiPlex na HP EliteDesk huingia nchini kwa wingi kutoka ng'ambo na kuuzwa Nairobi kwa bei ya chini sana kuliko mpya. Zina udhaifu mmoja mkubwa. Pawa saplai zake ni ndogo, mara nyingi hazina waya wa kadi ya picha, na nyingi hutumia plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kununua nyingine dukani ukaipachika tu. Ukiwa na kadi inayotosheka na sloti, tatizo hilo linakwisha. Pima kasha kwanza, maana yale membamba hukubali kadi fupi za nusu urefu peke yake.

Usidanganywe na neno i5 lililobandikwa mbele; uliza kizazi cha prosesa. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha nane kwenda juu. Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini sita na wati 65, inapita mlango huo. Core i5-4590 ya mwaka 2014 haipiti, hata ikiwa rahisi namna gani.

Kuna njia ya tatu, na kwa nyumba inayotegemea sola naipenda kuliko zote: kuacha kadi kabisa. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina sehemu ya picha ndani ya prosesa, na vyote viwili hugawana wati 65. GTA V inachezeka, na gemu nyingi za zamani pia. Gemu mpya nzito zitaisumbua. Sharti lake ni ramu. Prosesa ya aina hii haina kumbukumbu yake ya picha, inakopa ile ya kompyuta. Ramu moja ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Mbili zikiwekwa kwenye sloti zinazostahili hupitisha 51.2. Ng'ombe walewale, boma lilelile, ila sasa lina milango miwili. Muuzaji anayekupa GB 16 kwa kipande kimoja badala ya viwili vya GB 8 amekupunguzia kasi ya gemu bila kukuibia chochote kinachoonekana kwenye risiti.

Skrini nayo ni kipuri, ingawa wengi huinunua mwisho kwa chenji iliyobaki. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600 ambazo kadi huzichora upya mara 60 kila sekunde. Skrini ya mtumba ya 1600 kwa 900 ina nukta 1,440,000, pungufu kwa karibu asilimia 30. Kadi dhaifu hupumua, na macho huzoea. Pia unaweza kuiamuru gemu isizidi picha 45 kwa sekunde. Wati hushuka, na feni hutulia.

Pawa saplai ndiyo sehemu ambayo sitanii nayo. Muundo wa ATX, ulioletwa na Intel mwaka 1995, unaitaka ishikilie mzigo kwa takriban milisekunde 16 stima ikipotea. Mzunguko mmoja wa stima yetu ya hezi 50 ni milisekunde 20. Jenereta zikibadilishana zamu, pengo likazidi hapo, kompyuta inazima. UPS ya kawaida hurukia kwenye betri yake chini ya milisekunde 10, kwa hiyo inawahi. Soma lebo vizuri: VA 650 si wati 650, ni kama 360 hadi 390. Na kama unanunua pawa saplai mpya, chagua inayokubali volti 100 hadi 240, kwa sababu volti zikididimia jioni, yenyewe itaendelea na kazi.

Kila wati inayoingia kwenye kasha hutoka ikiwa joto. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Inachopunguza ni tofauti tu. Prosesa inayofika nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22 itakaribia 83 katika chumba cha nyuzi 35 chini ya mabati, kwa kazi ileile. Ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa 5600G ni nyuzi 95, inajipunguzia mwendo na gemu linaanza kukwama. Kwa hiyo kasha liwe na wavu mbele, si kioo, na feni za kuingiza hewa zizidi za kutoa, ili vumbi lisivutwe kupitia kila ufa. Taa za rangi hazijawahi kumfungia mtu bao. Kwa mashine ya mtumba, futa pesti iliyokauka juu ya prosesa, upake mpya.

Safari ya kutoka mji wa Isiolo hadi Merti pia ina madai yake. Chagua SSD, isiyo na sahani inayozunguka. Ing'oe kadi ya picha, uifunge peke yake, ulaze kasha ubavu, madabodi ikiwa chini. Halafu, kabla ya kupanda gari, pakua gemu hukohuko mjini: EA Sports FC 24 peke yake inataka nafasi ya GB 100. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, inaweza kuileta hadi Merti, ila sahani yake ya kawaida nayo hula wati 75 hadi 100 muda wote inapopakua, na hizo zinatoka kwenye betri ileile.