Samaki wa jiwe si silikanti wa Tanga

Katika baadhi ya mihadhara husimuliwa habari ya samaki aliyekutwa amegeuka jiwe huko Uingereza, kisha akavuliwa Tanga akiwa hai, yule yule, hajabadilika hata mfupa mmoja. Simulizi hiyo hupokelewa kwa takbira. Tunawaomba masheikh na walimu wetu waiache, kwa kuwa si sahihi, nasi tumeamrishwa katika Suratul-Hujurat kuihakiki habari kabla ya kuiamini.

Samaki wa jiwe huyo ni Makropoma. Mabaki yake yalipatikana katika miamba ya chaki ya Lewes, kusini mwa Uingereza, yakakusanywa na tabibu Gideon Mantell. Jina alipewa na Louis Agassiz katika miaka ya 1830. Miamba hiyo ilikuwa tope la chini ya bahari katika zama za mwisho za dinosaria. Makropoma hakufikia urefu wa mita moja. Ajabu yake imo ndani ya mbavu: pafu lililozungukwa na vibamba vigumu kama mfupa, ambalo Mantell alilidhania kuwa tumbo. Kiungo ambacho kwa kawaida huoza mapema kimebakisha umbo lake jiweni kwa zaidi ya miaka milioni 66. Subhanallah!

Wa Tanga ni silikanti, wa jenasi nyingine iitwayo Latimeria, kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho aliyemtambua miongoni mwa samaki wa meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1938. (Wavuvi wa Komoro walikwisha kumwita gombesa, wala hawakumpenda kwa kitoweo.) Huyu huweza kuzidi mita moja na nusu, na pafu lake limesinyaa, kwani huishi vilindini wala hapandi juu kuvuta hewa. Mifupa yao inafanana sana, kama ya binamu. Lakini Makropoma ametoweka, na hakuna wavu uliopata kumnasa.

Mwenye kutafuta mada ya mhadhara anayo iliyo ya kweli. Tangu miaka ya 2000 silikanti wengi wamenaswa Tanga katika majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina kirefu, hata ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009. Jike huzaa watoto hai, na mimba yake huchukua zaidi ya mwaka mzima.