Baiskeli ya kupimiwa kama suti

MSOMAJI, bila shaka umewahi kupanda Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ambayo kwa miaka mingi imebeba maziwa, makaa na abiria katika nchi hii. Ikiwa ulijifunza ungali mtoto, unakumbuka ulivyopitisha mguu katikati ya fremu ukaendesha mwili wote umepinda upande, kwa sababu baiskeli ilikuwa ya baba na wewe ulikuwa na miaka 9. Baiskeli haikujali kimo chako. Wewe ndiwe uliyelazimika kuifuata.

Leo nataka tuzungumzie baiskeli ambayo mambo yake ni kinyume. Kabla ya chuma chochote kukatwa, mwenyewe hupimwa, kama vile fundi cherehani anavyokuzungushia utepe kifuani. Ina magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Mwendeshaji haipandi kama anayepanda farasi, bali huketi akaegemea, miguu akainyoosha mbele kwenye pedali, kiti kikiwa sentimita 20 au 30 tu kutoka ardhini. Wenye kuipenda huiita traiki. Ukiiona mara ya kwanza utadhani mtu ametoroka na kiti cha sebuleni.

Lakini usicheke mapema. Mnamo Julai 7, 1933, jijini Paris, Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi iliyokuwepo, kilomita 44.247, ilikuwa imewekwa na Oscar Egg wa Uswisi mwaka wa 1914. Faure hakuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa enzi hiyo. Kilichomsaidia ni upepo: aliyelala hukabiliana na hewa kidogo kuliko aliyeketi wima. Mwaka uliofuata, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, likaamua kwamba baiskeli za aina hiyo hazitatambuliwa katika mashindano yake. Nadhani uamuzi huo ndio uliofanya wengi wetu tukue bila kujua kwamba kuna namna nyingine ya kuketi kwenye baiskeli.

Ile ya Mochet ilikuwa na magurudumu mawili. Ya matatu iliyopata sifa zaidi ni Windcheetah, kazi ya Mwingereza Mike Burrows wa mji wa Norwich, aliyefariki mwaka wa 2022. Ndiye pia aliyebuni umbo la baiskeli ya Lotus ambayo Chris Boardman alishindia dhahabu katika Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992. Katika Windcheetah hakuna usukani wa kawaida. Kuna mkono mmoja kati ya mapaja, kama ule wa rubani wa ndege. Mwaka wa 1996 Andy Wilkinson aliiendesha kutoka ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza hadi ncha ya kaskazini ya Scotland kwa muda wa saa 41 na dakika chache.

Hata hivyo, mbio si sababu ya mimi kukuandikia. Fikiria mzee aliyepatwa na kiharusi, sasa upande mmoja wa mwili umelegea na hawezi tena kusimamisha baiskeli ya magurudumu mawili. Fikiria mama ambaye mgongo haumruhusu kuinama, au kijana ambaye tangu kuzaliwa hana usawa wa mwili. Kwa watu hawa traiki hufungua mlango wa nje. Haianguki inaposimama. Mtu anaweza kupanda mlima polepole kuliko anayetembea, akapumzika katikati, akaendelea bila kuteremka. Na hapo ndipo kipimo kinapokuwa muhimu kupita kiasi, kwa kuwa pedali ikiwa mbali kwa sentimita 3 zaidi, goti lililo dhaifu litalipa.

Sasa tuikague. Mbele kabisa kuna bomba linalobeba pedali, nalo huingia ndani ya bomba jingine kubwa zaidi. Huvutwa au kusukumwa hadi mguu unyooke vizuri, kisha hubanwa kwa bolti. Kiti huwa cha kitambaa cha wavu kilichokazwa kwenye fremu yake ili mgongo upate hewa, au ganda gumu lililofinyangwa kufuata mgongo. Pembe ya kuegemea huchaguliwa. Anayetaka kasi hulala zaidi, na anayetaka kuona barabara huinuka.

Kazi ngumu iko kwenye magurudumu ya mbele. Gari linapokata kona, gurudumu la ndani huchora duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima lipinde zaidi. Jambo hili lilijulikana tangu zama za magari ya farasi. Georg Lankensperger, fundi wa Munich, ndiye aliyelitafutia dawa, na Rudolph Ackermann akasajili hataza yake Uingereza mwaka wa 1818. Fundi wa traiki asipolizingatia, tairi zitaburutwa kila kona na kuisha upesi. Isitoshe, mhimili ambao gurudumu hupindia huinamishwa ili mstari wake, ukiufuata hadi chini, uguse ardhi pale pale tairi inapokanyaga. Kosea hapo, na ukishika breki ya upande mmoja usukani utakuvuta mtaroni.

Breki zenyewe huwekwa mbele, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito iko huko. Breki ya nyuma, ikiwepo, aghalabu ni ya kuegeshea tu. Magurudumu ya mbele hushikwa upande mmoja, kama ya gari, na jambo hilo lina raha yake: ukipata pancha huna haja ya kulitoa gurudumu. Lakini kwa kuwa traiki hailali kwenye kona kama baiskeli, spoki hubeba nguvu za kusukumwa kando, ndiyo maana magurudumu madogo yenye spoki fupi hupendwa. Mengi ni ya inchi 20, rimu ya milimita 406, sawa na ya baiskeli za BMX za watoto. Tairi basi si taabu kupata hata hapa kwetu.

Cheni ni ndefu ajabu, karibu mara tatu ya ile ya kawaida, na hupita chini ya kiti ikiongozwa na kapi. Kapi hilo likiwa hafifu, nguvu zako huishia kwenye kelele.

Ubaya nao upo. Traiki ni nzito, nyingi zikiwa kati ya kilo 15 na 20, na huwezi kusimama kwenye pedali ukaukabili mlima kwa uzito wa mwili. Mguu ukiteleza kwenye pedali wakati wa kasi unaweza kuburutwa chini ya fremu, kwa hiyo miguu hufungwa kwa mikanda au viatu maalumu. Na dereva wa matatu aliye juu ya kiti chake hakuoni. Wenzetu wa nje hupachika bendera kwenye mti mrefu. Mimi binafsi singeiingiza Jogoo Road asubuhi ya Jumatatu hata kwa bendera kumi.

Bei nayo huzidi dola elfu moja, na nyingine hufika elfu kadhaa. Je, fundi wetu wa jua kali hawezi? Anayechomelea mageti na kutengeneza mikokoteni anaweza fremu, na kiti pia anaweza. Ningemwomba tu asikisie pembe za magurudumu ya mbele wala asichomelee breki kwa majaribio. Achore kwanza sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi.

Na wewe, ukitaka kujua kipimo chako, vua viatu uketi sakafuni, mgongo na makalio yaguse ukuta, miguu uinyooshe. Mtu akupimie kutoka ukutani hadi kwenye unyayo wa kisigino. Apime miguu yote miwili, maana kwa wengi hailingani. Ziandike namba hizo mahali. Hizo ndizo za kwanza ambazo fundi atakuuliza.