Herufi za Mlazo na Kazi Zake katika Maandishi ya Chama

Katibu wa chama cha msingi huandika mengi kwa mwaka: matangazo ya bei ya pamba, miito ya mkutano mkuu, na taarifa za mapato na matumizi. Kompyuta humpa aina nyingi za herufi za kuchagua, na miongoni mwake zimo herufi za mlazo, yaani zilizoinama kuelekea kulia. Yafaa makatibu na wanachama wafahamu matumizi yake, kwa maana tarakimu isiyosomeka yaweza kumpotezea mkulima haki yake.

Herufi za mlazo zilianza Venice, Italia, katika kiwanda cha chapa cha Aldus Manutius. Mchonga herufi wake, Francesco Griffo, aliiga mwandiko wa mkono, na mwaka 1501 kitabu kizima kilipigwa chapa kwa herufi hizo. Herufi zisizo na vikia, ambazo mistari yake hukoma bila ncha za pembeni, zilianza kuuzwa London katika karne ya 19.

Aina hizi mbili zilipounganishwa, wachoraji walifuata njia mbili. Mlazo wa Helvetica, iliyotoka Uswisi mwaka 1957, ni herufi zile zile zilizoinamishwa. Njia ya pili ni kuchora kila herufi upya, kama alivyofanya Lucas de Groot katika Calibri, iliyoenea pamoja na programu za Microsoft kuanzia mwaka 2007. Humo herufi a ya mlazo hufanana na ile anayoiandika mtoto wa shule kwa kalamu.

Kazi ya mlazo ni kutenga. Hutenga jina la gazeti, kama Uhuru. Jina la kitaalamu la pamba, Gossypium hirsutum. Au neno la Kisukuma lililoingia katika sentensi ya Kiswahili. Ukurasa mzima ukilazwa, hakuna kilichotengwa, na msomaji huchoka.

Hatari kubwa imo katika tarakimu. Jina la Nkololo latosha kuwa mfano: lina l mbili na o tatu. Katika herufi zisizo na vikia, l aghalabu ni mstari mtupu unaokaribiana na 1, na o yaweza kudhaniwa 0. Katika Gill Sans ya mwaka 1928, l ndogo, I kubwa na 1 zote ni mstari mmoja wima. Tarakimu zikilazwa na nakala ikafifia, kilo 171 zaweza kusomwa 111, na mwenye pamba akapunjwa kilo 60.

Kwa hiyo uzito, bei, daraja la pamba na namba ya mwanachama viandikwe kwa herufi zilizosimama. Mlazo ubaki kwa neno moja au mawili. Tena, kabla tangazo halijabandikwa ubaoni, katibu ampe mwanachama mwingine nakala yake alisome kwa sauti, naye alinganishe kila tarakimu na daftari la chama.